Nilisema Tumbo Linaniuma, Sasa Jirani Yangu Anaitwa Mulozi

Mpendwa mshauri,

Naandika nikiomba unifikirie jambo langu kabla halijafika kwenye mkutano wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, maana mimi nimelifikiri mpaka akili imechoka, mke wangu anasema hivi, nafsi yangu inasema vile, na siku hazinisubiri.

Mimi ni fundi cherehani hapa Gisenyi, kibanda changu kiko kwenye barabara inayoelekea Petite Barrière, mpaka wa kuvukia Goma, niite Mudathiru, ni Mwislamu wa kuzaliwa, babu yangu aliingia mji huu akiuza vitambaa na akazikwa hapa hapa, kwa hiyo habari za halali na haramu sikuzisoma ukubwani, nimekua nazo kama mtu anavyokua na jina lake. Sili nguruwe, sinywi pombe, na nyama ya mnyama aliyechinjwa na asiye Mwislamu sili, hivyo ndivyo tulivyolelewa nyumbani kwetu, na sijawahi kuona shida yoyote kuishi na watu kwa namna hiyo mpaka juzi juzi.

Jirani yangu wa kibanda ni mama mmoja mjane, nitamwita Vénantie, ni Mkristo, alirudi kutoka Kongo, upande wa Masisi, na watoto wake wakiwa wadogo, na kazi yake ni kuwapikia wabebaji na wanawake wanaovusha bidhaa kwenda Goma, anapika maharage, ugali tunaouita bugari, sombe ya majani ya muhogo na viazi, nyama hapiki, na tangu ahamie pale chakula changu cha mchana ni maharage yake, mke wangu Mukantwari anajua na hana neno kwa sababu naye anayapenda. Mama huyu ana adabu ambayo hata ndugu zangu wengine hawana, mwezi wa Ramadhani hapitishi sufuria mbele ya kibanda changu, anazunguka nyuma kwenye matope na mzigo wake kichwani, na nikimwambia mama pita tu, anacheka na kuniambia nishone.

Hapa kwetu kuna desturi ambayo huenda unaijua, kwamba Mkristo akifanya sherehe na akitaka majirani Waislamu wale, anamwita Mwislamu aje kumchinjia, kisha watu wote wanakula kutoka sufuria moja na hakuna anayeuliza swali, na Vénantie ameifuata desturi hiyo kila mara, harusi ya mwanawe mimi ndiye niliyechinja. Sasa mwanawe huyo na mkewe Igihozo wamepata mtoto wa kwanza, siku ya kumpa mtoto jina tukaalikwa majirani wote, na asubuhi hiyo kaka yake Vénantie, mzee Sebagabo, mfugaji wa Mudende, akateremka na mbuzi aliyekwisha kuchinjwa na kukatwakatwa, yumo ndani ya gunia nyuma ya pikipiki, alitaka kumpunguzia dada yake kazi, na aliponiona naingia akaniambia mbele ya watu, kwa furaha kabisa, "Nilimukata mi mwenyewe, fundi, na paja nimesema bakuwekee we."

Nikashukuru, nikakaa, nikajua nyama hiyo si yangu, nikajipangia kula viazi na kunywa Fanta na kuondoka kwa amani, na viazi nikaviomba kwa binti aliyekuwa anagawa nikavila. Kisha Vénantie akatoka ndani ya nyumba, hakutokea kule uani ambako sufuria kubwa ilikuwa motoni, amebeba sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, akawapita wazee, akawapita wakwe wa mwanawe, akaja mpaka nilipokaa akaniwekea magotini, akasema, "Mudathiru, hii iko yako peke yako. Sijaichanganya na ya bengine. Kula, mutoto yangu." Watu wote walikuwa wanatazama, mzee Sebagabo alikuwa anatabasamu, na mimi nikajua ni lile paja.

Wewe unajua huku kwetu kukataa chakula cha mwenyeji kuna maana gani, ni kama kusema kimetiwa kitu, ndiyo maana mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya mgeni, iwe pombe, iwe juisi, iwe mchuzi, na siku hiyo Vénantie alikuwa ameonja kila kilichopita mbele ya wageni ila sahani yangu hakuionja, lakini mimi hilo hata sikuliangalia. Nilichokuwa nawaza ni kwamba nikisema mama, hii haikuchinjwa na mtu wetu, nitamwaibisha mbele ya wakwe siku ya furaha yake, na itaonekana kama nasema chakula chake ni kichafu, na Sebagabo ni mtu wa hasira za karibu, kwa hiyo nikatafuta neno la adabu, nikamwambia, "Mama, tumbo inaniuma kidogo, utanisamehe." Nikamrudishia sahani yake kama ilivyokuwa, na kifuniko juu. Akaichukua akaingia nayo ndani, nami nikaaga nikaenda nyumbani.

Ningekuwa na akili mambo yangeishia hapo, lakini kesho yake niliona nikionekana kibandani mzima nitaonekana mwongo, nikabaki nyumbani, nikamwambia Mukantwari aseme nimelala. Mchana akaja Niyomugabo, dereva wa pikipiki, jirani yetu ambaye naye alikuwa kwenye sherehe, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu akaniangalia kama mtu anayeangalia maiti, akasema, "Donc, basi sahani ulipewa ya peke yako, na mwenyewe hakuonja. Unangoja nini?" Nikamwambia hapana, si hivyo, lakini sikumwambia ni vipi, naye akatoka akarudi na yule mama anayejulikana mtaani kwa kutapisha watu waliokula sumu, amekuja na majani yake yaliyosagwa ndani ya chupa.

Mshauri, hapo ndipo ningesema. Lakini kusema maana yake ilikuwa kukiri kwamba nilidanganya mbele ya watu wote wale, basi nikaona afadhali ninywe, dawa ni dawa, nikanywa, na dawa yenyewe hata mtu mzima kama jiwe ingemtapisha, nikatapika uani ndani ya beseni, mke wangu amenishika kichwa, na yule mama akachokoa beseni na kijiti mpaka akapata kitu cheusi, akakiinua watu wakione, akasema ndicho hiki. Mimi nilikitambua, lilikuwa ganda la maharage tuliyokula nyumbani usiku wake, Mukantwari naye alilitambua, na wote wawili tukanyamaza. Kabla ya alasiri habari ilikuwa imefika mpakani.

Sasa Vénantie anaitwa mulozi, mchawi wa kulisha watu sumu. Hawamwambii usoni, wanapita tu. Wabebaji waliokuwa wanagombania mabenchi yake wanakula kwa wengine, alikuwa anapika sufuria mbili na sasa hata moja haimalizi, na wale wachache wanaokuja, wageni wasiojua, anaonja sahani zao moja moja mbele yao kabla hawajaomba, na mimi nikiwa kwenye cherehani yangu namwona. Igihozo amemchukua mtoto amekwenda naye kwa wazazi wake na amesema hatarudi mtoto akae mikononi mwa bibi huyo. Sebagabo anataka dada yake afunge kazi apande naye Mudende kulima viazi, na mkuu wa mudugudu amesema baada ya umuganda wa mwisho wa mwezi, ile kazi ya pamoja ya mtaa, jambo hili litazungumzwa mkutanoni, na kila mtu anajua kuzungumzwa huko huwa kunaishaje kwa mjane.

Alikuja kwangu. Alisimama mlangoni mwa kibanda, hakuingia, akaniuliza polepole, "Niambie tu, fundi. Iko kitu nilikukosea?" Nikamwambia hapana mama, ilikuwa homa tu. Akanishukuru kwa kupona. Tangu siku hiyo sijala maharage yake, si kwa kuogopa, bali naona haya kumwangalia.

Mukantwari anasema ninyamaze, funika kombe mwanaharamu apite, watu watapata habari nyingine na hii wataisahau, na nikisema kweli nitakuwa nimewatangazia Wakristo kwamba sisi tunaona chakula chao najisi, na yeye anauza vitenge kwa watu hao hao. Mimi nimefikiri labda niseme ilikuwa malaria, tena kuna daktari wa duka la dawa ninayefahamiana naye anaweza kuniunga mkono, hivyo mama atasafishwa na mimi sitaaibika. Na jambo linalonisumbua zaidi ni hili, kwamba mimi nilikuwa nakimbia haramu, sikutia kinywani kitu nilichokatazwa, sasa mbona naona kama nimekula kitu kibaya kuliko hicho? Nisaidie, na tafadhali ubadilishe majina.

Fundi Mudathiru, Gisenyi, wilaya ya Rubavu.

MAMA IRIBAGIZA ANAJIBU

Fundi, pole kwa dawa ile chungu. Pole yangu inaishia hapo.

Tuanze na lile ambalo hukukosea, maana ni dogo na litakwisha upesi. Kutokula nyama ya mzee Sebagabo ilikuwa haki yako. Mimi si sheikh na wala sishiki kisu cha kuchinja. Kama nyama ya mbuzi aliyechinjwa na Mkristo inaliwa au hailiwi, muulize imamu wako, na ukimuuliza umwambie habari yote, siyo ile nusu inayokupendeza. Nyumbani kwenu mmelelewa hivyo, basi ishike. Hakuna mtu mtaani kwenu ambaye angeshangaa, na wa mwisho kushangaa angekuwa Vénantie.

Sasa tuje kwenye adabu yako. Umeandika kana kwamba ulikuwa na njia mbili tu, kumwaibisha mama wa watu au kumdanganya, nawe kwa huruma ukachagua ya pili. Mwanangu, mwanamke anayezunguka kwenye matope na sufuria kichwani ili harufu isikufikie mwezi wa mfungo, unadhani angekufa kwa aibu kusikia wewe ni Mwislamu? Ungemvuta kando ukamuuliza, "Mama, hii imechinjwa na nani?" Angekujibu, ukala au usile, sherehe ikaendelea. Ninyi hapo mtaani mmekuwa mkiulizana swali hilo tangu enzi za babu yako, ndiyo maana Wakristo wanawaita mje mchinje. Desturi yenyewe imejengwa juu ya kusema. Wewe uliogopa hasira za Sebagabo na macho ya wakwe, ukajisitiri wewe, kisha ukaandika kwenye barua kwamba ulikuwa unamsitiri yeye. Hilo limeniudhi kuliko uongo wenyewe.

Na hiyo sahani. Soma tena barua yako, maana nadhani uliiandika bila kuisikia. Sahani ilitoka ndani ya nyumba, haikutoka uani kwenye sufuria ya mbuzi. Ilikuwa imefunikwa. Mama akakuambia ni yako peke yako na hakuichanganya na ya wengine. Na hakuionja, mwanamke ambaye siku nzima ameonja kila kitu. Niyomugabo ameyachukua mambo hayo yote akayaita sumu. Wewe umeyachukua hayo hayo ukayaita paja. Mimi nimepika maisha yangu yote, nami nayaona kwa jicho la mpishi. Mama huyu alishangazwa na gunia la kaka yake asubuhi ile kama ulivyoshangazwa wewe. Alijua jirani yake hatakula. Akatafuta kitu kingine, akakipika ndani, mbali na sufuria ile, kwa chombo chake. Na kijiko chake kilikuwa kimekwisha kulamba mchuzi wa mbuzi tangu asubuhi. Ungekuwa wewe ungekichovya kijiko hicho kwenye sahani ya Mwislamu ili tu uonekane unaonja?

Huenda chini ya kifuniko kulikuwa na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambao hawangoji kisu cha mtu wa dini yoyote. Huenda alikuwa kuku aliyempeleka mbio kwa Mwislamu mmoja wenu akamchinjia. Huenda pia ni lile paja na mimi nimempamba bure, sikatai. Sijui. Lakini wewe nawe hujui, na sahani ilikuwa magotini pako. Dini yako imekukataza mengi, sijasikia kama imekukataza kufunua sahani.

Unaona sasa ubaya wa jambo hili. Kama ninavyodhani ndivyo ilivyokuwa, mama huyu anaitwa mulozi kwa sababu alijali usile haramu. Sahani ya peke yake ndiyo ushahidi wao. Kutoonja kwake ndio ushahidi wao. Angekupakulia kutoka sufuria ya wote bila kujali, leo angekuwa na wateja na mjukuu wake.

Umeniuliza mbona unaona kama umekula kitu kibaya kuliko nyama ile. Chuoni ulifundishwa jibu lake, nami nililisikia kwa majirani zangu Waislamu kabla sijaota meno ya ukubwani: mwenye kumsengenya mtu ni kama amekula nyama ya nduguye aliyekufa. Utaniambia wewe hukumsengenya. Kweli, hukumsengenya. Wewe uliinama juu ya beseni watu wakaja wakala, na ganda la maharage uliliona ukanyamaza. Nyama ya namna hiyo hata aje mchinjaji gani hawezi kuihalalisha.

Habari ya malaria sitaki kuisikia tena. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imekwisha kupita tumboni, kitandani na kwenye beseni, sasa unataka uipitishe duka la dawa. Tena haitamsaidia mama. Watu watasema alikuwa na malaria na akalishwa sumu juu yake. Aliyeamini sumu haponyeshwi na jina la ugonjwa mwingine. Kinachoweza kumwokoa ni kusikia kwamba hukuwa mgonjwa kabisa.

Wewe Mukantwari, najua mumeo atakusomea au utasoma mwenyewe. Kombe mmelifunika kweli, ila aliyebaki chini yake ni mjane asiye na kosa. Unaogopa wateja wako watasema Waislamu wanaona chakula cha Wakristo najisi. Hivi sasa wanasema Mwislamu alilishwa sumu na Mkristo. Lipi kati ya hayo litauza vitenge? Na mumeo amekula maharage ya mama huyo miaka yote mbele ya macho ya mpaka mzima, nani atakayeamini kwamba anayaona najisi? Ulimshika kichwa akitapika, na ganda ulilitambua. Nawe unadaiwa neno kama yeye.

Haya, mtafanya hivi. Majina nimebadilisha kama ulivyoomba, lakini mtaani kwenu kuna fundi cherehani mmoja tu aliyetapishwa karibuni, na mtu wa kwanza atakayefungia mandazi kwa gazeti hili atawatambua kabla hajamaliza kulisoma. Kwa hiyo ukisoma haya huna nafasi ya kupanga maneno. Nendeni kwa Vénantie leo, wewe na mkeo, kabla mtu mwingine hajamsomea. Mwambie yeye kwanza, yote, na ganda la maharage pia. Kisha muulize kulikuwa na nini kwenye ile sahani, unyamaze usikie mwenyewe anavyokujibu. Msamaha usiuombe kabla hajamaliza kusema. Kama anataka kukutukana, hilo ni la kwake, na kama analia, usimwambie nyamaza mama. Ulimnyamazisha vya kutosha.

Mkitoka hapo, Mukantwari aende kwa wazazi wa Igihozo. Asikutume wewe. Mwanamke mwenye mtoto mchanga kifuani hatasikiliza mwanaume aliyesema uongo, ila anaweza kumsikiliza mwanamke aliyekuwepo uani na akaona kilichokuwa ndani ya beseni. Asimlaumu binti. Alichofanya ndicho mama yeyote angefanya akiambiwa nyumba ina sumu. Amweleze, na amwachie muda wa kurudi kwa miguu yake. Mzee Sebagabo naye aambiwe, na hasira zake uzipokee. Mtu alikuchagulia paja kwa moyo mweupe, alistahili kuambiwa asante na hapana siku ile ile.

Siku ya umuganda, watu wakishaweka majembe chini, usingoje mkuu wa mudugudu alitaje jina la Vénantie. Likishatajwa mkutanoni utakuwa unalisafisha, na jina lililosafishwa huwa na alama. Simama mapema, useme maneno machache: sikuwa mgonjwa, nilidhani nyama haikuchinjwa na mtu wetu, nikaona haya kusema, nikadanganya, nikatapika dawa, sikutapika sumu. Kisha kaa. Usihubiri, usieleze habari za dini, usimtaje Niyomugabo wala yule mama wa majani. Wao walikuja kuokoa maisha yako, hata kama hayakuwa na shida. Watu watakucheka. Fundi mzima kutapishwa kwa aibu yake mwenyewe, hata mimi nimecheka, sikufichi. Acha wacheke, kicheko hicho kikikufuata wewe, yeye kitamwacha apumue.

Lakini usidhani mkutano utamaliza kazi. Wabebaji hawarudi kula mahali kwa sababu mtu amehutubia. Wataangalia tumbo lako. Kwa hiyo kila mchana, saa ile wanapoweka mizigo chini, funga cherehani, nenda kwa Vénantie, ukae benchi la mbele ambapo kila anayetoka mpakani anakuona, uagize maharage, ule, umalize. Asionje kwanza. Akitaka kuonja mwambie mbele ya watu kwamba wewe huhitaji. Fanya hivyo leo, kesho, na siku ambazo huna hamu.

Na jambo moja nikuambie ili lisikushangaze. Huenda atakataa kukupa. Huenda atakupita na upawa wake kama hakuoni, na ana haki, maana chakula chake ulikirudisha mbele za watu naye akakushukuru kwa kupona. Ikiwa hivyo, usiseme umeshiba, usiseme una haraka, usitume mtu akununulie mkate. Kaa pale pale na njaa yako, watu wapite wakuone, mpaka siku atakayotaka mwenyewe kukupakulia.